Mablanketi ya Shangazi Efrazia

Shangazi yangu Efrazia hakuwa mwizi. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu hapa Shume wanaosema vingine, na wengi wao wamekula viazi vyake.

Alikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni pembeni ya msitu, nyumba aliyoiacha mlowezi mmoja alipoona Uhuru umekaribia. Alipika, alifua, aliwasha moto, na nyuma ya jiko alikuwa na shamba lake la viazi. Mjane asiye na mtoto hujilisha mwenyewe. Viazi vile ndivyo vilivyotakiwa kumfikisha Krismasi, maana mavuno yaliyotangulia yaliharibika na ghalani mlibaki panya tu.

Julai ya mwaka 1971 wakaja Ndugu Bartholomeo na mkewe Dorothea kutoka Dar es Salaam. Walitaka kimya, moto wa kuni, nyota, na kile walichokiita theluji ya Shume. Shangazi hakuwasahihisha. Huku hakuna theluji, ipo sakitu, umande unaoganda alfajiri na kuunguza mimea. Lakini mgeni aliyepanda kona zote zile kutoka Mombo humvunji moyo kabla hajanywa chai.

Bartholomeo alimwamkia shikamoo vizuri, kisha akamkataza kumwita Bwana. Siku hizi sote ni ndugu, akamweleza, na nyumba hii pamoja na kila kilichomo si mali ya mzungu tena, ni mali yetu sote. Shangazi alisikiliza kwa heshima. Mambo ya maana alikuwa hayasahau.

Jioni moja mawingu yakaondoka, upepo ukatulia. Wageni wakafurahi, wakabeba darubini yao na chupa ya chai, wakapanda kilimani. Shangazi alilitazama anga lile lile akaingiwa na hofu, kwa kuwa anga likitakata hivyo sakitu haikosi. Kila mtu huku hufunika viazi kwa majani makavu, naye alianza mbio mbio, lakini majani yakaisha na nusu ya shamba bado iko wazi. Akatandaza magunia. Akatandaza kanga zake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila hawakueleza aponeje. Shangazi akaingia chumbani mwa wageni.

Waliporudi, meno yakigongana, walikuta godoro tupu. Bartholomeo alihamaki. Alisema asubuhi ataenda kwa wakubwa wa shangazi, na shangazi kazi hiyo atabaki kuisikia redioni tu.

“Ndugu,” shangazi akasema taratibu, “si ulinifundisha mwenyewe kwamba ni mali yetu sote? Leo ni zamu ya viazi.”

Dorothea alicheka mpaka akakaa chini. Mumewe hakucheka. Walilala na makoti yao mbele ya moto, na kulipokucha bonde zima lilikuwa jeupe. Dorothea akatoka, akawa anaikanyaga sakitu kwa raha, akisikia inavyovunjika chini ya viatu. Kwa jirani aliyechelewa kufunika, majani ya viazi yalikuwa yameungua meusi. Ya shangazi yalikuwa mabichi. Kwa ajili ya furaha ya mkewe, Bartholomeo akasamehe, lakini mablanketi aliyataka. Yakaanikwa, yakarudi.

Jioni ile anga likatakata tena. Bartholomeo hakutoka. Alipanda kitandani mapema, akajifunika mablanketi yote, akayashika kwa mikono miwili, akamwambia mkewe nyota zitangoja mwaka mwingine. Shangazi akabisha hodi. Akaomba radhi, akapanda kiti, akang'oa mapazia.

Bartholomeo alifungua kinywa amkemee, akakifunga. Dirisha zima lilikuwa limejaa nyota. Akazitazama, mablanketi yamemfika kidevuni, huku nje shangazi akimalizia kufunika matuta ya mwisho.