Aliyefua Sare Zangu

Aliyenipa habari ni mwenzangu wa kazini. Tulikuwa mapumzikoni katika nyumba ya wazee tunayofanyia kazi hapa Woolwich, London, yeye anakunywa chai, mimi nakula wali wa jana. Akaniuliza, "Dada, umesharudishiwa kodi ya sare?"

"Kodi ya sare ndiyo kodi gani?"

"Sare yako inafuliwa wapi? Kwako au hapa kazini?"

"Kwangu."

"Basi, serikali inakurudishia kodi kidogo kwa ajili ya sabuni na maji. Unadai mpaka miaka minne ya nyuma. Mimi yangu nimeshakula." Akainua mguu nione viatu vyake vipya. "Wengine mnampa mfalme sadaka miaka yote na wala hajui jina lenu!"

Nilicheka, lakini kilichonikaa kichwani hakikuwa pesa. Nilikuwa namfikiria mtu wa kodi. Mahali fulani ofisini mtu alikaa akawaza kwamba mwanamke anayewaogesha wazee hurudi nyumbani na matapishi kwenye mkono wa nguo, na nguo hiyo haijifui. Nilitamani kumjua. Je, yeye hufua mwenyewe? Mama yake alifua? Nilipanda basi nikiwaza hayo, nikapitiliza kituo changu. Nilipokuwa narudi kwa miguu ndipo wazo jingine likaja: sare zile sikuzifua mimi.

Alizifua mume wangu, ambaye sasa ni marehemu.

Alikuwa mlinzi wa ghala, anaingia usiku, asubuhi yuko nyumbani. Mama yake alikuwa dobi kule Tanga, akifua nguo za watu wa majumba makubwa, na yeye alikulia ubavuni mwa beseni. Mashine hakuiamini. "Inazungusha uchafu," alisema, "haiutoi." Jumapili alikuwa anapiga magoti kando ya bafu na sabuni ya mche aliyoinunua sokoni. Kwanza maji baridi na chumvi kwenye madoa, halafu sabuni, halafu kusuuza mara tatu. Sare zetu ni nyeupe, kwa hiyo maji ya mwisho aliyatia bluu ya kufulia, weupe ung'ae. Bluu hiyo tulikuwa tunaagiza kwa kila anayetoka nyumbani.

Siku moja rafiki yake wa msikitini alikuja kuchukua mchango wa harusi, akamkuta mikono imejaa povu. "Lahaula! Mzee umekaliwa! Shemeji kakulisha nini?"

"Kanilisha vizuri," mume wangu akajibu bila kugeuka. "Lete na kanzu yako. Hiyo kola inanitia aibu hata mimi."

Lakini kwa mama yake alikuwa mwoga. "Mama asijue," aliniambia zaidi ya mara moja. Alikuwa na hakika kwamba mama, aliyefulia watu maisha yake yote kusudi mwanawe asome, asingependa kusikia kwamba mwana huyo yuko Ulaya anafua nguo za mkewe. Mimi nilinyamaza. Alipofariki, tukamzika hapa London, mama hakuwahi hata kuiona sanda yake. Sare ya mwisho aliyoipiga pasi ilibaki imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba. Sikuivaa. Nilipotoka eda, mashine yetu nayo ikiwa imekufa, nikaanza kupeleka zile nyingine kwenye duka la mashine za kufulia, kwa sarafu zangu.

Binti yangu yuko chuo. Aliichapisha fomu, tukakaa mezani jikoni. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo anasoma kwa Kiingereza, ananifafanulia, namjibu kwa Kiswahili, naye ananirudia kwa Kiingereza. Ndiyo lugha ya nyumba yetu. Na niseme kweli, ile fomu niliifurahia. Kwenye hati yangu ya mshahara kuna tarakimu nne na herufi moja ambazo kwa miaka kumi na sita nilidhani ni namba ya mashine inayochapisha. Kumbe ukizitia sifuri mwishoni, ndicho kiasi ninachoruhusiwa kupata kwa mwaka kabla kodi haijanigusa. Nilimwambia anieleze mara mbili. Nikauliza ile herufi nayo ina maana gani. Akaguna, "Mama, tutamaliza leo?"

Tukafika mwisho, panapotakiwa sahihi. Akasoma: natamka kwamba niliyoyaandika ni kweli na nimeyakamilisha kwa kadiri ninavyojua.

Nikaiweka kalamu chini.

"Nini tena?"

"Sikufua mimi. Amefua baba yako."

Akasema taratibu, "Mama, hawajali. Angefua hata paka, hawajali."

"Paka hafui. Nami nikichukua pesa ya jasho la mtu na kusema ni langu, hiyo ni halali?"

Nilichukua karatasi nyingine, nikaandika kwa Kiingereza changu mistari mitatu: kwamba sare zilifuliwa na mume wangu hadi alipokufa, kwamba tangu hapo nimefua mimi, kwamba naomba kuelezwa kama bado nina haki. Binti yangu alisahihisha neno moja, mengine akayaacha. Nilibana barua nyuma ya fomu, nikaposti.

Wiki zikapita kimya. Mwenzangu aliposikia nilichofanya alishika kichwa. "Dada! Nani kakuuliza? Umejiripoti mwenyewe!" Nikaamini kweli nimekosa. Basi nikapiga simu ofisi ya kodi. Muziki ulilia mpaka nikamaliza kumenya viazi, ndipo mwanamke mmoja akapokea, sauti ya mtu mzima. Nilimweleza. Akasema anaiona barua yangu. Nikasikia anaisoma kwa kunong'ona, mpaka mwisho.

"Sabuni ilinunuliwa kwa pesa za nani?"

"Zetu. Za nyumba."

"Na nguo zilichafukia wapi?"

"Kazini kwangu."

"Basi ni gharama ya kazi yako. Mikono ya nani ilifua, sisi hatuulizi." Akaongeza, "Lakini nimefurahi umeniambia. Pole sana kwa msiba."

Sikumuuliza kama yeye hufua mwenyewe. Mpaka leo najuta kidogo.

Pesa iliingia. Haikuwa nyingi, viatu vya mwenzangu pengine vilizidi. Binti yangu akasema tutengeneze mashine yetu iliyokufa. Mwenzangu akasema, "Jipeleke mahali ukale vizuri, umekonda." Niliwasikia wote wawili, ila pesa sikuigusa. Ofisi ilikuwa imenihalalishia, lakini ofisi inaangalia kazi ilikofanyika, mimi nilikuwa naangalia magoti ya mtu kwenye vigae vya bafu. Miezi niliyofua mwenyewe, fungu lake nikalitoa, nikampa binti kwa ajili ya mashine. Lililobaki lilikuwa ujira wa marehemu. Nani apokee ujira wake? Aliyemfundisha kazi.

Ningeweza kumtumia mama mkwe bila maelezo, kama nitumavyo siku zote. Lakini angeniombea dua kwa pesa ambayo si yangu. Na nikimweleza, naivunja siri ambayo marehemu aliniachia. Siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Ijumaa baada ya swala nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti ndogo? Unaumwa?"

"Siumwi. Mama, nina pesa yako. Ni ya mwanao."

"Mwanangu kaacha pesa?"

"Serikali ya huku imeilipa. Ni ya kufua. Alikuwa ananifulia sare zangu za kazi, mama. Miaka yote. Hakutaka ujue."

Nilisikia kuku wake. Nilijiandaa kulaumiwa, na lawama hiyo ningeipokea.

"Nguo nyeupe?" akauliza.

"Nyeupe, mama."

"Madoa alianza na nini?"

"Maji baridi na chumvi."

"Bluu alitia maji ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Haya," akasema. Akavuta pumzi ndefu. "Asijue, asijue! Alikuwa ananificha mimi? Mimi niliyemshikisha sabuni hajaota meno ya mbele?" Akacheka, kisha kicheko kikakatika. Mwishowe akasema, "Pesa nitaipokea. Ila iko moja aliyoifua yeye, ambayo hujaifua tena? Ipige picha niione."

Niliitoa ile ya nyuma ya mlango, nikaitundika penye mwanga wa dirisha, nikapiga picha, nikaituma kwenye simu ya jirani yake. Jibu lilikuja kwa sauti yake baada ya saa nzima:

"Imetakata. Lakini mwambie, kola hakuinyoosha."

Nikasogea dirishani kuangalia. Ni kweli. Upande wa kushoto, chini ya ukingo wa kola, kuna mkunjo mdogo. Mwaka mzima nilikuwa naitazama sare ile kila siku, na sikuwa nimeuona.