Kisahani Kisichotiwa Dawa

Fundi wa maabara yetu hapa Kumasi hupasha viganja joto kabla ya kushika visahani vya seli za ini. Kimoja hutiwa dawa ya zamani ya kisukari, kingine huachwa hivi hivi, cha kulinganishia. Kwenye cha dawa, mitochondria, majiko madogo yanayoipa seli nguvu, huzimika moja moja, naye huyahesabu kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Jaribio likiisha, vyote hutupwa. Juzi nilimkuta anazilisha seli za kile kisichotiwa dawa, siku ya tisa tangu jaribio liishe, na kabati la joto la kuvitunzia visahani limejaa.

“Dada, hicho si tulishamalizana nacho?”

“Mama aliimeza dawa hii miaka minne, Owusu, mpaka macho yakawa manjano.” Akakifunika polepole. “Huyu hakumeza. Niache nimtazame kidogo.”