Majivu kwenye Vioo vya Binti Yangu

Nilikubali kuvisugua vioo vile. Mwenyekiti wa kitongoji alipita asubuhi kunikumbusha kwamba walimu wa chuo wa binti yangu wanafika siku hiyo. Akatazama juu ya bati langu, akacheka. "Mzee mwenzangu, binti msomi, vioo vyake vina vumbi kama dirisha la stoo?" Ningeweza kukataa. Nilichukua ngazi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na barua zetu nyingine zilikuwa zinapitia Arusha. Maduka ya Katesh yalikuwa yameanza kuuza paneli za sola. Binti yangu alisomea fizikia. Alivipaka vioo sita tabaka jembamba lisiloonekana kwa macho, ili mwanga wa jua usirudi nyuma, upite wote hadi kwenye paneli. Akavifunga kwangu Masakta kwa sababu ya upepo na vumbi letu, vikae mwaka mzima. Aliniagiza jambo moja tu: visiguswe, mvua ndiyo ivioshe.

Mimi nilisoma sekondari kwa taa ya chemli, na kioo chake nilikisafisha kwa majivu. Nikachota majivu jikoni, nikalowesha kitambaa. Viling'aa.

Wageni walifika naye, wakasifu, wakanywa chai, wakaondoka. Yeye alibaki akipima mwanga unaopita kwenye vioo. Alipima mara mbili.

"Baba, kuna mtu aliyevigusa?"

"Hakuna. Mvua ilipita juzi."

Akaniamini. Aliandika kwamba tabaka lake halistahimili upepo wa Hanang, akauacha mchanganyiko alioutafuta kwa miaka mitatu. Uliofuata haukufika popote, naye akaacha utafiti. Likizo alikuja, nikaitikia shikamoo yake, tukaongea habari za mahindi.

Mwenyekiti ndiye aliyemwambia, msibani Nangwa, kwa utani tu, jinsi nilivyovisugua vioo kwa ajili ya wageni. Binti yangu alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Majivu ningekusamehe, baba."

Hakuingia.

Siku hizi hupiga simu kila Jumapili. Nikimwambia nimekunywa dawa za hospitali ya Haydom, huomba aongee na mama yake, amuulize yeye. Nasikia nikiwa nimekaa palepale.

Niliharibu kazi yake ya miaka mitatu, na mwanangu haamini tena neno langu lolote.