Glasi ya Kufungua Hamu

Ndugu yangu Nakhle hakuwahi kulewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililowaambia watu miaka nenda miaka rudi, tena kwa kiapo cha marehemu mama yetu. Hakuwahi kuanguka njiani, hakuwahi kumtukana mtu, wala hakukosa misa ya Jumapili. Alikuwa mkenekaji wa araki, wa tatu katika ukoo wetu: anachemsha mvinyo wa zabibu pamoja na mbegu za anisi, anaukusanya mvuke wake tone kwa tone. Kijijini kwetu, hapa bonde la Bekaa la Lebanoni linapoanza kupanda mlima, mkenekaji anaheshimiwa karibu sawa na kasisi, ila yeye watu humtembelea kwa hiari yao.

Mimi ni dada yake mkubwa. Watu huniita Umm Dib, kwa jina la mwanangu aliyehamia Brazili na kunisahau vizuri tu. Nilipofiwa na mume nilirudi nyumba ya baba, na kwa kuwa Nakhle hakuoa, tukaishi wawili: yeye na mtungi wake mkubwa wa shaba uani, mimi na tanuri langu la mkate upande wa barabarani. Kila msimu nilimkandia donge la unga la kuzibia kifuniko cha mtungi ili mvuke usitoroke. Huo ndio ulikuwa mchango wangu katika araki, au ndivyo nilivyojidanganya.

Kazi yake ilikuwa ulimini. Matone ya kwanza yakitoka kwenye bomba, tunayoyaita kichwa, ni sumu, yanamwagwa. Ya katikati ndiyo araki. Ya mwisho yanaharibu yote yaliyotangulia, kwa hiyo lazima mtu ajue dakika ya kukata. Wengine hutumia kipimo cha kioo. Nakhle alionja. Wenye mizabibu wa vijiji vitatu waliuamini ulimi wake kuliko kioo chochote, na yeye alikuwa akionja hivyo tangu ana miaka kumi na minne.

Sasa nieleze tulivyokuwa tukifikiri, maana kosa letu limeanzia hapo. Kwetu araki hainywewi juu ya meza tupu. Lazima iwe na maza, vile visahani vya kutafunatafuna: tabule ya majani, rojo la hummus, maini mabichi yenye chumvi na mnanaa, jibini, tango, zeituni. Anayekunywa bila chakula, huyo ndiye mlevi. Anayekunywa na maza ni mtu na heshima zake. Tena kila ukimiminiwa upya unapewa glasi safi, kwa hiyo chakula kikiisha meza imejaa glasi, na anayeziosha anajua kila kitu. Nilikuwa naziosha mimi. Ila sikuwahi kuzihesabu kwa nia, kwani nani anamhesabia mtu anayekula?

Basi ile maza ikaanza kupungua. Kwanza ikaondoka tabule, akisema amechoka kutafuna majani. Mwaka uliofuata yakaondoka maini, halafu hummus, halafu jibini. Mwishowe ikabaki sahani moja ndogo ya zeituni na tango, na zeituni moja aliweza kuizungusha mdomoni glasi mbili nzima. Lakini ilikuwa bado ni maza. Aliniambia, "Nimekula, dada," nami nikakubali, kwa sababu glasi haikuwa peke yake mezani.

Akakonda miguu, tumbo likabaki pale pale. Akasema hamu ya kula imekwisha. Na hapa ndipo mimi ninapoingia katika hadithi hii, laiti nisingeingia. Bibi yetu aliponya kila kitu kwa araki: tumbo linalouma, fizi za mtoto anayeota meno, na hasa mtu asiye na hamu. Unammiminia kidogo kabla ya chakula, hamu inafunguka. Kwa hiyo kila mchana, kabla ya kuweka sahani, nilimmiminia Nakhle kwa mkono wangu huu. Alikunywa, akaitazama sahani, akala vijiko viwili, akasema labda moja zaidi itaifungua. Nikamimina. Tulikwenda hivyo mwaka mzima na nusu.

Akaanza kutembea miguu ikiwa imetanuka, nyayo zikipiga chini pwa, pwa. Siku moja alipanda ngazi hadi juu bila kujua kwamba kandambili moja imebaki chini. Abu Tannus, jirani yetu mwenye shamba kubwa la mizabibu, akamtania mbele ya watu kwamba amegeuka bata, na kwamba sikukuu ikifika ajifiche. Nilicheka pamoja nao. Asubuhi moja aliniuliza mara tatu kama kuni zimeletwa, na kuni zilikuwa zimerundikwa mbele yake.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, nilikwenda uani na donge langu la unga nikamkuta amekaa karibu na moto, kandambili miguuni, anangoja bomba lianze kudondosha. Nikasikia harufu ambayo si ya zabibu wala ya anisi. Kaa la moto lilikuwa limeanguka juu ya mguu wake na limekaa hapo.

"Nakhle, mguu wako."

Akaangalia chini taratibu, kama mtu anayeonyeshwa kitu cha jirani. "Aa," akasema, "kumbe."

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, kijana, jina lake Rula. Alisafisha kidonda, kisha akachukua sindano akaanza kumchomachoma tangu vidoleni kupanda juu, huku Nakhle amefumba macho. Alifika nusu ya muundi ndipo Nakhle akasema, "Hapo." Kule chini kote hakukuwa na habari. Daktari akauliza anakula nini. Nikajibu mimi, kwa majivuno, kwamba meza yetu haijawahi kukosa chakula. Akauliza jana alikula nini hasa. Nikafikiri. Zeituni nne na kipande cha mkate. Akauliza glasi ngapi kwa siku, Nakhle akasema mbili, tatu hivi. Daktari akanigeukia mimi. Kumbe mikono inahesabu hata kichwa kikikataa: nikasema tisa, siku nyingine kumi.

Alivuta kiti akakaa mbele yangu. "Umm Dib, wewe ni mtu wa tanuri, utanielewa. Araki ni kuni. Mwili unaichoma, unapata joto, unajiona umeshiba. Lakini kuni si unga. Tanuri linawaka kutwa nzima, ndani hamna mkate."

Kisha akanieleza polepole, na sijasahau hata kidogo. Kuna vitamini iliyomo katika ngano yenye pumba, dengu na nyama, na mwili hauwezi kuiweka akiba zaidi ya wiki chache. Mishipa ya fahamu inaitegemea, na ile mirefu ndiyo inayoumia kwanza, ndiyo maana miguu ilitangulia. Pombe inachubua tumbo na utumbo, hivyo hata kidogo kinacholiwa kinapita bila kuchukuliwa. Ini, ambalo lingetunza akiba, linashinda likihangaika kuiondoa pombe. Madini nayo yanatoka na mkojo. Ndugu yangu alikuwa anakufa njaa hatua kumi kutoka tanuri langu. Akiacha sasa na akalishwa, alisema daktari, miguu inaweza kurudi, polepole, pengine isirudi yote. Asipoacha, hatatembea. Na baada ya miguu ni kumbukumbu: atakuwa ananitazama bila kujua mimi ni nani.

"Nani anammiminia?" akauliza.

"Najimiminia mwenyewe," Nakhle akawahi.

"Mimi," nikasema. "Mchana. Ya kufungua hamu."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Ile ndiyo iliyokuwa ikiifunga, mama. Ile glasi ndiyo ilikuwa chakula chake cha mchana."

Alimlaza siku nane. Alikataa katakata tumwachishe nyumbani kwa ghafla, kwa sababu mwili uliozoea hivyo ukinyimwa siku moja unaweza kuingia kifafa na mtu akafa. Wakamchoma sindano za ile vitamini na kumpa dawa za kumtuliza. Alitetemeka, akatoka jasho, siku mbili nzima akaniita mama. Niliitika. Ningesema nini?

Nyumbani nilimpikia dengu na bulguri ya ngano, mayai, supu ya mifupa, mkate wa unga usiochekechwa. Alikula. Lakini alikula kama mtu anayelipa faini, kijiko baada ya kijiko, macho dirishani, na akimaliza alisukuma sahani. Baada ya miezi minne miguu ikaanza kuwaka moto, hata shuka likiigusa alitukana. Daktari akasema hiyo ni mishipa inaamka. Nakhle akatukana, mimi nikamshukuru Mungu, hivyo ndivyo tulivyosali majira yale ya kuchipua. Njaa tu ndiyo haikurudi.

Zabibu zikaiva tena. Alikuwa hajagusa tone miezi kumi na moja. Nikamwambia auze ule mtungi wa shaba. Akanijibu bila hasira, "Nikiuuza, nitakuwa nani, dada?" Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kaa la moto. Mkenekaji asiyeonja hatukuwahi kumwona.

Siku ya kukeneka mvinyo wa Abu Tannus, Nakhle alikaa mbali na moto, amevaa viatu vya kufunga, fimbo magotini. Uzi wa kwanza ukatoka kwenye bomba. Abu Tannus akakinga kikombe kidogo, akamletea. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wasiwasi na zabibu zake.

"Tone moja, ndugu yangu. Kuonja si kunywa. Marehemu baba yako angeonja."

Nakhle akakipokea. Mimi nilisimama na unga mikononi. Nilijiambia akikiinua tu nitauvunja mtungi kwa koleo la tanuri, wa baba au si wa baba. Alikinusa muda mrefu mno. Kisha akaninyooshea mimi.

"Onja wewe. Tema. Halafu niambie."

"Mimi araki siijui. Najua mkate."

"Basi niambie kwa mkate."

Nikaonja, nikatema. Nikamwambia ni kali, inachoma pua kama donge lililochacha kupita kiasi. Akasema hicho bado ni kichwa, mwaga. Nikaonja tena baadaye: tamu, kama biskuti za anisi zikitoka tu motoni. Akasema hiyo ndiyo, weka chombo safi. Tukaenda hivyo hadi alasiri, mimi nikitema kama ngamia, Abu Tannus akihema nyuma yetu, mpaka nikamwambia imekuja ladha ya mkate uliolala kwenye mfuko.

"Kata," Nakhle akasema.

Abu Tannus alionja iliyokusanywa, akaonja tena. Akasema ni kali kidogo, lakini ni araki. Kwa Abu Tannus hiyo ni sifa kubwa.

Nakhle akaja na fimbo yake hadi kwenye benchi la tanuri, akakaa. Bila kufikiri mkono wangu ukapanda kwenye rafu kutafuta glasi ndogo, mkono wangu mimi, si wake. Ukakuta kopo la chumvi mahali pa glasi. Nikaona aibu, nikajifanya ninalifuta vumbi.

"Dada," akasema, "nina njaa."

Hakusema atakula. Hakusema nimwekee. Nilijaribu kukumbuka ni mwaka gani nililisikia neno hilo kwake mara ya mwisho, sikuukumbuka. Nikatandaza donge, nikalipaka viungo vya zaatari na mafuta ya zeituni, nikalitia motoni kwa haraka hivi kwamba mkate ulitoka umepinda na umeungua upande. Miaka thelathini ya tanuri na sijapata kuoka kitu kibaya vile. Aliula wote, na ule upande ulioungua, akalamba vidole.

"Kuna mwingine?" akauliza.

Nikageukia moto ili asinione usoni, nikachukua donge la pili.