Alama ya Moyo wa Kazi

Mwaka wangu wa pili wa ualimu nilitakiwa kumpa kila mwanafunzi wangu alama ya moyo wake. Ilikuwa miaka ya sabini, katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Tabora. Agizo lilikuwa limekuja kwamba mtihani wa kuandika peke yake hautoshi kumjua mwanafunzi. Kazi za mikono nazo zihesabiwe, na tabia pia. Mkuu wetu wa shule, mama mmoja mtulivu ambaye hakupenda kurudia neno, alitusomea kwenye kikao cha walimu: mbele ya kila jina iandikwe herufi moja, kuanzia A mpaka E, ya "moyo wa kazi". Mwalimu wa darasa atashirikiana na mwalimu wa kilimo.

Hakuna aliyecheka. Tuliamini maneno yale, na mimi pia. Lakini nilifundisha hisabati, na nilizoea kitu chenye kipimo. Nilitoka kikaoni nikijiuliza moyo wa mtu unapimwaje, na swali hilo likanifurahisha kama mtoto aliyepewa fumbo.

Kulikuwa na tatizo jingine. Sikuwa nimewahi kushika jembe. Mimi ni mtoto wa duka. Babu wa babu yangu alitoka Omani akapanda na misafara ya biashara mpaka Tabora, akaoa, akabaki. Nyumbani kwetu tulijua kupima kitambaa na kupima mchele. Nilipomwambia mama kwamba Jumamosi nitakwenda kusimamia kilimo, alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaniuliza ni nani atakayenisimamia mimi.

Aliyenisimamia ni mwalimu wa kilimo, ambaye shule nzima tulimwita Bwana Shamba. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Moraviani, wa upande wa Urambo, mtu wa makamo, mpole wa sauti, aliyekulia kwenye mashamba ya tumbaku ya baba yake. Alitembea na fimbo aliyoikata mwenyewe. Kwa fimbo hiyo alimgawia kila msichana ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima, na kwa fimbo hiyo hiyo alipima kimo cha matuta ya viazi vitamu. Aliyemaliza ngwe mapema, matuta yakiwa yamenyooka na udongo umeinuka vizuri, alipata A. Hakuwa na siri wala upendeleo. Nilimwonea wivu kwa urahisi wa kazi yake.

Shamba lilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, na mara moja moja jembe liliibua ushanga wa buluu uliokuwa umezama udongoni. Wasichana waliutia mfukoni, kisha wakaendelea. Nilichukua jembe nikalima nao ili nione. Mikono ilinitoka malengelenge, na matuta yangu yalilala kama mtu mgonjwa.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana wa Bukene, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Kwenye hisabati alikuwa wa katikati, na hakuwa msemaji. Lakini shambani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alisimama wima, jembe begani, akatoa mstari mmoja kwa Kinyamwezi. Wenzake wakaitikia, majembe yakashuka pamoja. Akalima kidogo, akasimama tena. Kwa sababu ya kusimama kule, ngwe yake ilikuwa miongoni mwa zile za mwisho kumalizika.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha tukaandika alama za majaribio, kila mmoja kwenye karatasi yake. Bwana Shamba alimpa D. Mimi nilimpa A.

Mkuu wa shule alituita ofisini, akaziweka karatasi mbili mbele yetu. Bwana Shamba alieleza kuwa msichana anasimama wakati wenzake wanalima. Nilipoulizwa mimi, nilisema kwamba bila yeye nadhani shamba lingedorora. Mkuu akaniuliza kama najua au nadhani. Nikakiri kwamba nadhani.

"Basi nendeni mkajue," alisema.

Wazo la namna ya kujua lilikuwa la Bwana Shamba. Jumamosi iliyofuata tukampanga yule msichana jikoni, kuchambua maharage, kisha tukaenda shambani na wenzake waliobaki. Sikumbuki kuwahi kuingoja Jumamosi kwa hamu kiasi kile.

Walilima bila wimbo. Walisemezana kidogo mwanzoni, kisha kila mmoja akainamia kipande chake. Wakamaliza mapema kuliko siku yoyote. Bwana Shamba hakunicheka. Alinitazama tu kwa huruma, akaenda kupima matuta. Mimi nilijiona nimeshindwa, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mkuu.

Ndipo nikamwona mmoja aliyebaki. Wenzake walikuwa wameshafika kwenye bomba wakinawa miguu, naye yuko peke yake, hajafika hata nusu ya ngwe. Alikuwa msichana mwembamba mwenye pumu. Nikamwendea nikamuuliza kama leo anaumwa.

"Siumwi, mwalimu. Siku zote ndivyo nilivyo."

Nikamwambia kwamba siku nyingine humaliza pamoja na wenzake.

"Wakiimba ndiyo namaliza," akasema, akashika tena jembe.

Nikamwita Bwana Shamba. Yeye akachukua jembe la ziada akamsaidia kumalizia.

Jumamosi iliyofuata mwimbaji alirudi shambani, nasi tukasimama kwenye kivuli cha mti mmoja mdogo, hatumtazami mwingine ila yeye. Haikuchukua muda tukaona. Yule mwenye pumu alipoanza kubaki nyuma, mwimbaji alisimama wima, akauvuta mstari wa wimbo ukawa mrefu, na majembe ya wengine yakabaki juu yakingoja kuitikia. Mwembamba akapata pumzi, akawafikia. Mstari ukakatika, majembe yakashuka. Baadaye ikawa vile vile, tena na tena, na wala hakuna msichana aliyeonekana kujua kwamba anangojeshwa.

Bwana Shamba aliiegemeza fimbo yake kwenye mti. "Mimi niliona kwamba anasimama," alisema polepole. "Sikuona anasimama wakati gani."

Kazi ilipokwisha nilimwita msichana kando. Nilikwisha kumpa A moyoni, nikitaka tu kusikia kwa kinywa chake jinsi anavyomhurumia mwenzake. Nikamuuliza kama huwa anamsubiri yule mwenye pumu.

Alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu. "Sijui, mwalimu. Nikisikia jembe moja linaanguka nyuma ya mengine, wimbo unaharibika. Basi nauvuta mpaka yote yaanguke pamoja."

Jibu hilo lilinivuruga. Njia nzima ya kurudi shuleni nilibishana na Bwana Shamba. Je, huo ni moyo wa kazi, au ni sikio tu la mtu anayependa wimbo? Yeye sasa ndiye aliyemtetea. Aliuliza nia inatuhusu nini ikiwa mgonjwa amemaliza ngwe. Mimi nikasema tumeambiwa tupime moyo, hatukuambiwa tupime ngwe. Tulifika getini tumebadilishana misimamo mara kadhaa, hata sikukumbuka tena nani alikuwa upande gani.

Kwa udadisi wangu niliuliza wasichana wengi mno maswali mengi mno, na bweni halifichi neno. Ikavuma kwamba wimbo una alama. Jumamosi iliyofuata tulikuta waimbishaji wanne, kila mmoja na wimbo wake, wakishindana kwa sauti na kututupia macho. Majembe yalianguka ovyo kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwenye pumu alibaki nyuma kabisa. Msichana wa Bukene yeye alinyamaza. Aliinama, akalima ngwe yake moja kwa moja, akamaliza miongoni mwa wa kwanza, matuta yamenyooka.

Bwana Shamba akayapima, akanijia akiwa na uso wa mtu asiyejua acheke au asikitike. "Leo kwa fimbo yangu amepata A," akasema. Tukacheka wote wawili, lakini mimi nilicheka kwa uchungu kidogo. Kitu nilichokuwa na hamu ya kukielewa nilikuwa nimekishika kwa nguvu mpaka kikavunjika.

Jumatatu nililiambia darasa kwamba wimbo hauna alama, na hautakuwa nayo. Waliniangalia kwa heshima bila kuniamini. Ilibidi tuache kuja na karatasi shambani. Ilibidi mvua kubwa inyeshe, magugu yaote mpaka yafunike matuta, na watu wachoke kwa kupalilia, ndipo siku moja mwanafunzi mwingine akaanza wimbo kwa kujisahau, vibaya, juu mno. Msichana wa Bukene aliuvumilia kwa mistari miwili. Wa tatu akauchukua yeye, akaushusha mahali pake.

Mwishoni tulimpa C. Mkuu wa shule alituuliza kama tulichunguza muda wote ule ili tumletee C. "Herufi ni tano tu, mama," Bwana Shamba akamjibu, "na hakuna iliyomtosha."

Muhula ulipofungwa, baba yake alikuja kumchukua. Alishuka kwenye treni ya Mwanza akiwa bado na sare yake ya kaki, akimwamkia kila aliyekutana naye kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", mpaka akafika mlangoni kwangu. Aliisoma ripoti ya mtoto wake mstari kwa mstari, kidole kikimtangulia. Hisabati hakuiuliza. Kidole kilisimama kwenye moyo wa kazi.

"Mwalimu, hapa mmesema mwanangu ni mvivu?"

Nikamwambia hapana. Nikamkaribisha kiti, nikamweleza habari yote kuanzia jikoni kwenye maharage. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza hakuuliza tena habari ya C.

"Anaimba?" aliuliza. "Huyu wangu?"

"Anaimba, mzee."

"Nyumbani hata kuongea ni kwa kuombwa." Akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama nje na sanduku lake. "Hebu imba kidogo, mama."

Msichana akafunika uso kwa viganja viwili, akakataa katakata. Baba yake hakumlazimisha. Aliniaga, akajitwika sanduku kichwani, wakaondoka kuelekea stesheni. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Kwa mbali nilimwona yule mzee akianzisha kitu, mkono mmoja umeshika sanduku, mwingine unapiga mapigo hewani, na binti yake akimvuta shati kumnyamazisha, huku akicheka.