Kioo cha Nyota Langoni

Mwahija binti Akida alikuwa akikagua wanawake kwenye lango la mgodi wa almasi, upande wa Songwa, na hakuna alichokiamini kwa kukitazama tu. Alikung'uta kanga, akamega mikate, akafungua nepi za watoto. Aliyemtukana alimjibu, "Tukana, mwenzangu, lakini inua mkono." Mwaka ule wa 1954 alikuwa na sababu. Mkaguzi mwenzake alikuwa amefukuzwa juzijuzi, kazi na nyumba pamoja, kwa jiwe moja lililopita mikononi mwake. Mwahija alilea Majaliwa na wadogo zake peke yake, na nyumba waliyolala ilikuwa ya mgodi.

Alasiri moja akaja Euphrasia, binti aliyemsafishia mpimaji mmoja wa mgodi picha zake za nyota. Alishika kisanduku cha kupeleka posta.

"Shikamoo, Mama Majaliwa."

"Marahaba. Fungua."

"Ni vioo viwili tu vya nyota."

"Nyota gani hiyo inayochimbwa? Fungua, mwanangu."

Kila kioo kilikuwa na utepe mweusi uliokatwa na mistari myangavu. Euphrasia akaeleza kwamba huo ndio mwanga wa nyota moja, uliotandazwa rangi kwa rangi. Kwenye kioo mwanga huacha weusi; penye mstari mweupe, mwanga umemezwa. Mistari mipana ni ya nyota yenyewe. Huu mwembamba ni wa wingu la gesi lililo njiani, kati ya nyota na sisi.

Mwahija akavishika vyote viwili sambamba. "Mbona huu mwembamba hapa umekonda, na hapa umenenepa?"

"Hicho cha mwaka juzi, hiki cha mwaka huu. Bwana mpimaji anadhani wingu linasogea. Kama vumbi la ng'ombe wakipita mbele ya taa: mara zito, mara jepesi, na taa ni ileile."

"Au mmeukwangua kwa ukucha."

"Ile mipana haikubadilika! Kioo kingekuwa kibovu, yote ingeharibika."

"Ukucha huchagua."

Euphrasia akacheka kwa kukereka. Akakiri kwamba hata Bwana hakuwa na hakika. Ndiyo maana alikuwa akiwapelekea wajuzi vioo hivyo, na mwakani angepiga picha nyingine.

"Hapo kasema," alijibu Mwahija. Akajikuta anauliza wingu hilo lina ukubwa gani, linakwenda wapi, nani kaliona. Euphrasia alijibu yote kwa utamu huku akifunga kisanduku, na mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya lango.

Hapo Mwahija akashtuka. Yule mwenzake aliyefukuzwa, yeye pia alikuwa amesimuliwa hadithi nzuri kabla jiwe halijampita.

"Rudi. Kilemba sijakigusa."

"Mama Majaliwa! Tumezungumza vizuri hivi?"

"Ndiyo maana."

Euphrasia akakifungua, midomo ameibana. Mwahija akapitisha vidole kwenye kila pindo, kisha ndani ya nywele. Hakukuwa na kitu ila jasho.

"Umeridhika?"

"Kwa leo," alisema Mwahija, akamwita anayefuata.