Bega la Mzee Gramu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Gramu, naye aliitika, maana jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani. Akiingia sokoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, wauza nyama walianza kukohoa, na wauza sukari wakakumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Alishakuta mizani yenye sumaku chini, mizani yenye sarafu iliyogandishwa kwa lami, hata mizani iliyosema ukweli siku za ukaguzi tu. Alipostaafu, kazi hiyo ilimwachia vitu viwili: bega la kulia lililochakaa kwa kubeba sanduku, na tabia ya kutomwamini mtu yeyote anayetabasamu kabla hajaulizwa bei.

Asubuhi moja, akivaa shati, mkono wa kulia ukagoma katikati ya safari. Haukwenda mbele wala haukurudi nyuma. Akasimama hivyo, nusu ndani ya shati na nusu nje, mpaka mkewe alipokuja kumnusuru.

"Baba Watoto, hii ni mara ya nne wiki hii nakuvisha kama mtoto wa chekechea," mkewe alisema huku akivuta mkono wa shati. "Daktari alikuambia nini?"

"Nifanye mazoezi na nitafute wa kunikanda."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitachunguza."

"Haya, kachunguze basi. Miezi miwili sasa unachunguza kochi."

Alianza na jimu ya ghorofani, ile yenye vioo kila ukuta. Binti wa mapokezi alimwita "baba yangu" mara nane kabla hata hajakaa, na hapo tu akaanza kukaa chonjo. Akaletewa mkataba wenye maandishi madogo kama chawa. Binti akampa kalamu. Yeye akatoa kioo chake cha kukuzia. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, akakuta kwamba atakayeacha kabla ya mwaka kwisha ataendelea kulipa mpaka mwaka uishe.

"Naomba kuona bafu," akasema.

"Mabafu yanatengenezwa, baba yangu."

"Tangu lini?"

Binti akaangalia dari. Mzee Gramu akamrudishia kalamu yake, akamshukuru, akashuka ngazi.

Jimu ya pili ilikuwa nyuma ya karakana ya mchomeleaji: banda la mabati, sakafu ya saruji, madirisha mapana yasiyo na vioo. Mwenyewe aliitwa Kifua, na hukuhitaji kuuliza kwa nini. Akiingia mlangoni, kifua kilitangulia, kisha mwenyewe akafuata. Hakumwita baba yangu. Alimwambia ainue mkono, akautazama ulivyokwama usawa wa chuchu, akatikisa kichwa.

"Mzee, wewe vyuma bado. Kwanza ukakandwe. Kuna mama hapo mbele, nyumba ya tatu kutoka duka la dawa, bei yake haiumizi. Akishakulegeza, njoo nikuanzishe taratibu."

Machale yakamcheza Mzee Gramu. Tangu lini mfanyabiashara akamfukuza mteja aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe?

"Anakupa nini kwa kila mtu unayempelekea?"

Kifua akacheka mpaka watu wawili wakaweka vyuma chini kumtazama. "Hanipi kitu! Hunikanda mgongo tu."

"Kumbe anakupa," akasema Mzee Gramu, kwa sauti ya mtu aliyeshapata ushahidi.

Lakini kuna kitu kingine kilichomkaa rohoni kuliko huyo mkandaji. Pale ukutani palipangwa vyuma vya mviringo, vimeandikwa uzito kwa rangi nyeupe. Viwili kati ya vilivyoandikwa ishirini havikulingana unene. Kimoja kilimzidi mwenzake kwa upana wa kidole. Siku tatu alikuwa anakula chakula na vile vyuma viko mbele ya macho yake. Siku ya nne akachukua mizani yake ya ndoano, akaihakikisha nyumbani kwa mawe yake mwenyewe, akaifunga kwenye taulo, akaenda saa za mchana, wakati jimu haina watu.

Hakufikiria jambo moja: kwa bega lile, angening'iniza vipi chuma? Akawa anakizunguka kama paka aliyeona samaki juu ya kabati.

"Nikusaidie, mzee wangu?"

Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mikono ina unga mpaka viwikoni. Ni mwoka mikate wa mtaa wa pili; huja kufanya mazoezi unga wake ukiwa unaumuka. Mzee Gramu akamtazama juu mpaka chini. Kama yuko upande wa Kifua, siri imekwisha. Lakini bega lilikuwa linauma, na mizani inazidi kuwa nzito.

"Nataka kupima hiki," akasema kwa kifupi.

Mwoka mikate hakuuliza kwa nini. Alifunga mizani kwenye boriti, akapitisha kamba kwenye tundu la chuma, akakiinua kama anayetundika nguo. Mshale ukatetemeka, ukatulia kwenye kumi na saba na nusu. Wakapima kingine cha ishirini: kumi na saba na nusu. Kile kinene: ishirini kamili. Kisha mama yule akavuta kimoja kati ya vinne vilivyokaa pembeni peke yake, vimeandikwa kumi na tano. Mshale ukafika kumi na nane.

"Nilijua," akasema, akijifuta unga kwenye paja. "Mimi nabeba magunia ya unga ya hamsini kila siku ya Mungu. Mgongo wangu hauhitaji kusomewa. Hivi vya pembeni vijana wanavikimbia, wanasema vina jini."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani? Kijana aliyekwisha kuwatangazia wenzake kwamba ananyanyua mia na arobaini?"

Mzee Gramu hakuwa na moyo wa kunyamaza, hakuzaliwa nao. Jioni ile ile, jimu imejaa, alimwita Kifua pembeni akampa matokeo. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa anajua uso wa mwizi aliyekamatwa, na alimkodolea Kifua macho akiusubiri. Haukuja. Ulikuja uso wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyojenga imejengwa kwenye kiwanja cha mwingine.

"Nilivinunua kwa msubu vyuma, aliyeviyeyusha kutoka chuma chakavu, seti nzima," Kifua akasema polepole. "Mimi mwenyewe nimevinyanyua miaka sita. Nimewaambia watu." Akavitazama vyuma ukutani. "Nimemwambia mama yangu."

Lakini masikio yalikuwa mengi. Kijana wa mia na arobaini akasogea, mishipa imemsimama shingoni. Kwa hesabu mpya alikuwa anafika mia na ishirini na tano.

"Huyu mzee ametumwa!" akapiga kelele. "Ametumwa na wale wa ghorofani aje atuharibie!"

"Haswa!" mwingine akadakia. "Na mizani yake nani ameipima?"

Swali hilo lilimkata Mzee Gramu maini, maana lilikuwa swali zuri. Yeye mwenyewe angeliuliza. Akawaalika waje nyumbani kuyaona mawe yake yenye mhuri. Hakuja mtu.

Jumamosi Kifua alifuta rangi yote ya zamani akaandika upya, chuma kwa chuma, mwoka mikate akiinua na Mzee Gramu akisoma mshale. Vijana watatu walihama. Waliobaki walisalimiana naye kwa kidevu tu. Mwoka mikate ndiye pekee aliyetoka na faida: ile themanini aliyokuwa ananyanyua ilikuwa tisini na mbili. Siku ile alinyanyua mara mbili zaidi ya kawaida yake.

"Sasa nenda kwa yule mama akukande," mwoka mikate alimwambia Mzee Gramu wakati wa kuondoka. "Umeshika kiuno upande kama birika."

"Na wewe pia hukandwa bure?"

"Nalipa. Kila mtu analipa. Kasoro Kifua, kwa sababu alimbebea kitanda kutoka stendi."

Akaenda, lakini alikwenda kama anayekwenda kukagua. Mkandaji alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye vidole gumba vipana kama vijiko. Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda chembamba, shuka zinanukia sabuni, pazia, saa ya ukutani, na cheti ndani ya fremu. Bei aliyotaja ilikuwa theluthi ya ile ya hotelini. Mzee Gramu akaitia shaka papo hapo. Kitu cha bei hiyo hakikosi kuwa na tundu mahali.

Akalala kifudifudi, saa yake ya mkononi ameishika mbele ya pua.

Vidole vikatembea mgongoni, vikasimama chini ya mfupa wa bega, vikabonyeza. Mzee akatoa sauti ambayo hakujua anayo.

"Upande huu ulikuwa unabeba kitu," mama akasema. "Kizito. Chenye mpini."

Mzee Gramu akageuza shingo ghafla. "Nani kakuambia? Kifua?"

"Bega lako limeniambia. Lala."

Nusu saa aliyolipia ikawa dakika arobaini na moja. Hilo nalo likampa mashaka. Katika kazi yake, muuza nyama anayekuongezea kipande bila kuombwa alikuwa amekwisha kuficha mfupa. Wakati anavaa shati, akasogelea cheti. Maandishi mazuri, saini nzuri, mhuri mzuri. Mzuri kupita kiasi: wino wa mhuri ulikuwa umekaa sawasawa na wino wa maandishi. Mhuri wa kweli hugongwa, na ukigongwa, wino hukolea upande mmoja. Huu ulikuwa umechapwa.

Akaikariri namba ya simu ya chuo iliyoandikwa chini ya cheti. Alipofika nyumbani akapiga.

"Chakula cha kuku, karibu," ikajibu sauti ya mwanamume.

"Hapo si chuo cha ukandaji?"

"Hapa tunauza pumba na mashudu, bosi wangu. Ukandaji wa kuku hatuna."

Angeweza kuacha hapo. Lakini usiku ule alilala ubavu wa kulia, jambo ambalo hakuliweza tangu astaafu, na asubuhi akajiambia kwamba uchunguzi haujakamilika. Akarudi mara ya pili, kisha ya tatu. Kila mara alijiambia ni kwa ajili ya uchunguzi. Mara ya nne, alipokwisha kukandwa, alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kukunja uso.

"Mama, hiki cheti si cha kweli."

Mkandaji alikuwa anakunja taulo. Akaendelea kulikunja mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono. Kisha akaenda kufunga mlango, akakaa kwenye kigoda.

"Utanishtaki?"

"Nimesema si cha kweli. Nataka kujua ni nini."

Akamweleza. Miaka kumi na miwili alifua shuka na mataulo kwenye chumba cha ukandaji cha hoteli moja. Wakandaji wakipungukiwa walimwita ashike miguu, baadaye mgongo, mwishowe wateja wakawa wanamuuliza yeye. Hoteli ikafungwa. Akapanga chumba hiki. Watu walikuja mpaka mlangoni, wakatazama kuta, wakauliza cheti kiko wapi, wakaingia mitini.

"Mpwa wangu yuko kwenye duka la kuchapa. Jina la chuo tulibuni. Namba tulibuni."

"Mmebuni namba ya duka la chakula cha kuku."

Mama akaziba mdomo kwa taulo. Mabega yakamtikisika, na Mzee Gramu hakujua kama anacheka au analia. Akaona ni vyote viwili.

Alipokuwa kazini, jiwe bovu lilivunjwa kwa nyundo mbele ya mwenye duka, na hakuwahi kuona huruma. Damu yake ilikuwa inachemka vile vile sasa. Akasimama, akanyoosha mkono, akaishusha fremu kutoka kwenye msumari. Mama hakuitazama fremu. Alikuwa anautazama mkono.

"Umeona ulichofanya?" akamuuliza.

Mzee Gramu akageuka kuuangalia mkono wake wa kulia, uliopanda mpaka juu ya kichwa bila kumwomba ruhusa. Akaushusha. Akaupandisha tena, taratibu, kama anayehakikisha mizani. Ukafika.

Akaiweka fremu kitandani, uso chini.

"Hiki hakirudi ukutani," akasema mwishowe. "Andika karatasi yako mwenyewe. Sema umefanya kazi miaka mingapi, na useme hujasoma chuo."

"Hawatakuja."

"Huenda wasije."

Na kweli wiki mbili za kwanza wengi hawakuja. Mama alimchukia Mzee Gramu kwa wiki hizo mbili, na alimkanda kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Kisha mwoka mikate akaleta shangazi zake wawili, Kifua akaleta vijana wake, na mchomeleaji wa karakana akajileta mwenyewe. Kazi ikasimama tena, ingawa haikurudi kamili kama zamani. Mzee Gramu alianza vyuma vyepesi kwa Kifua, kilo mbili na nusu, ambazo alizipima kwanza.

Mwezi wa tatu mkewe akatangaza kwamba na yeye kiuno kinamsumbua na anataka kukandwa na huyo mama wa watu anayesifiwa kila siku. Mzee Gramu akampeleka, akakaa kwenye benchi la nje, saa mkononi. Kwanza alisikia mazungumzo ya chinichini. Kisha mkewe akaangua kicheko kirefu, na mama akafuatia. Mzee akakohoa. Ndani kukawa kimya ghafla.

"Mnasema nini huko?" akauliza kupitia pazia.

"Kiuno!" wakajibu wote wawili kwa pamoja, haraka mno.

Mzee Gramu akaegemea ukuta, akakunja mikono kifuani. Hakuamini hata chembe.